Miaka mitatu ya shahada ya filamu itanipa nini ambacho intaneti hainipi?

Swali: Nimemaliza sekondari na nimepata nafasi ya kusoma shahada ya utengenezaji filamu kwa miaka mitatu. Kamera najua kuishika, kuhariri nimejifunza kwa video za intaneti, na nimeshatengeneza filamu fupi mbili na rafiki zangu. Baba anaona nitapoteza muda. Anataka nisome biashara, filamu nijifunze mwenyewe pembeni. Mimi nataka kuwa mwongozaji. Chuo kitanipa nini ambacho sitakipata peke yangu? Na nitajuaje kama programu niliyopata ni nzuri?

Jibu: Mdogo wangu, nakushauri uende, kwa sharti moja. Hakikisha kwamba katika miaka hiyo mitatu utatengeneza filamu nyingi ukiwa na watu wengine, na kwamba kila filamu itatazamwa na kuchambuliwa wewe ukiwa umekaa humo humo chumbani. Programu ikikosa hilo, baba yako ana hoja nzito, na mimi nitakuwa upande wake. Nasema haya nikiwa mhariri wa filamu na mwalimu wa wanafunzi wa shahada kwa miaka mingi. Mezani kwangu zimepita kazi za waliosoma na za wasiosoma, na tofauti yao haiko pale ambapo watu wengi wanadhani iko.

Haiko kwenye vifaa. Jinsi ya kuweka kamera, kuchagua lenzi, kutumia programu ya kuhariri au kurekebisha rangi, hayo yote intaneti inayafundisha vizuri, na video unaweza kuirudia mpaka uridhike. Ukienda chuo ili ujue vitufe, muhula wa kwanza haujaisha utakuwa umechoka, na kamera uliyofundishwa itakuwa imepitwa na wakati kabla hujavaa joho. Kwa upande huo umeshapiga hatua, na usiruhusu mtu akudharaulie ulichojifunza.

Lakini video ya intaneti haijawahi kuitazama kazi yako. Inakueleza jinsi mtu mwingine alivyofanya. Haiwezi kukuambia kwamba sekunde ya arobaini ya filamu yako mtazamaji alipotea na hakurudi tena. Na rafiki zako hawawezi kukuambia hivyo, kwa sababu hadithi wanaijua tangu siku ulipowasimulia. Wanapotazama, wanajazia wenyewe mapengo.

Ngoja nikuonyeshe ninachokisema. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alileta zoezi la dakika tatu: kijana anamuaga mama yake alfajiri, anasafiri mbali. Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri, waigizaji walijitahidi. Tulipomaliza kutazama niliuliza swali ninalouliza kila mara kabla ya mtu yeyote kusema amependa au hakupenda: kumetokea nini? Wa kwanza akasema mama amepata habari za msiba. Wa pili akasema kijana amemkosea mama na anaomba radhi. Hakuna hata mmoja aliyetaja safari. Mwenye filamu alikuwa safu ya nyuma, anatamani kueleza, ila kanuni yetu ni kwamba mwenye kazi hasemi mpaka wengine wamalize.

Tukarudi kwenye picha. Begi la safari lilikuwepo kweli. Lilionekana mara moja tu, pembeni mwa fremu, wakati mama ameshaanza kulia na macho ya kila mtu yako kwenye uso wake. Mwenye filamu alikuwa analiona begi hilo tangu mwanzo kwa kuwa ndiye aliyelifunga kabla ya kurekodi. Kwenye mafaili aliyoyaacha tulikuta shoti ya mikono ikivuta zipu ya begi gizani. Tukaiweka mwanzoni kabisa, kabla ya uso wowote kuonekana. Hakuna kilichorekodiwa upya. Kilio kilikuwa kile kile, mama yule yule, lakini darasa zima sasa lilijua analilia nini. Tena sentensi mbili ambazo kijana alikuwa anasema ili kueleza safari hazikuhitajika, tukazikata, na ule ukimya uliobaki ukawa mzito kuliko maneno.

Hilo ndilo unalokwenda kutafuta. Mara moja halitoshi. Linakuwa jicho lako baada ya kulirudia wiki baada ya wiki, kwa filamu zako na za wenzako, mpaka unapokaa peke yako kuhariri unaanza kusikia maswali ya darasa kabla hayajaulizwa. Kuwachambua wenzako kunafundisha kuliko kuchambuliwa. Kosa la mwenzako unaliona bila kuumia, na wiki inayofuata unalikuta kwenye kazi yako mwenyewe.

Mafunzo haya ni ya zamani kama vyuo vya filamu vyenyewe. Chuo cha filamu cha Moscow, VGIK, ambacho kwa kawaida hutajwa kuwa cha kwanza duniani, kilianza mwaka 1919, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea Urusi na mikanda ya filamu ikiwa adimu mno. Lev Kuleshov, mwongozaji aliyefundisha hapo, na wanafunzi wake walikuwa wakiigiza maonyesho mazima kana kwamba wanarekodi, bila mkanda, na kuzikata upya filamu za zamani ili waone mpangilio mpya unazaa maana gani. Jaribio linalohusishwa na jina lake linajulikana sana: uso ule ule wa mwigizaji, haujabadilika, unawekwa karibu na sahani ya supu, kisha jeneza, kisha mwanamke, na watazamaji wanauona uso huo ukiwa na njaa, ukiwa na huzuni, ukiwa na matamanio. Yule kijana wa begi alijifunza jambo hilo hilo kwa shoti ya zipu. Karne imepita, vifaa vimebadilika vyote, na zoezi bado ni lile.

Sasa tuje kwenye uongozaji. Karibu kila anayeingia mwaka wa kwanza anataka kuwa mwongozaji, kama wewe. Hakuna ubaya. Ila fanya hesabu: kundi la watu sita likitengeneza filamu sita, kila mmoja anaongoza moja, na katika tano zilizobaki anashika kazi nyingine. Wengi huzichukulia hizo tano kama kulipa deni, wanakuja wamechelewa na mawazo yao yako kwenye filamu yao. Wanapoteza sehemu kubwa ya shahada yao bila kujua. Mimi ningekuomba ufanye kinyume: filamu za wenzako zichukulie kuwa ndiyo masomo yenyewe, na uombe kazi ambazo hakuna anayezigombea.

Ya kwanza kati ya hizo ni sauti. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa filamu nyingi za wanafunzi zinafia hapa. Mtazamaji anavumilia picha yenye giza au inayotikisika. Mazungumzo yasiyosikika hayavumilii. Unaposhika fimbo ya maikrofoni unasimama karibu na fremu kuliko mtu mwingine yeyote, maikrofoni ikining'inia juu kidogo ya ukingo wa picha na kuelekea kifuani mwa mwigizaji. Umbali ukiongezeka mara mbili tu, kiwango cha sauti kinashuka kwa takriban desibeli 6, na mwangwi wa chumba unabaki pale pale, kwa hiyo mtu anaanza kusikika kama yuko bafuni. Unajifunza kusikiliza friji kabla ya mtu kuanza kuigiza. Na mwisho wa kila onyesho unawaomba wote wakae kimya wasisogee, unarekodi ukimya wa chumba chenyewe kwa nusu dakika hadi dakika nzima. Wenzako watanung'unika, wamechoka na wanataka kufungasha. Usikubali. Kwenye uhariri, mtu akikohoa katikati ya mazungumzo na ukakata kikohozi hicho, linabaki shimo, na sikio la binadamu linalisikia shimo hilo papo hapo. Ule ukimya wa chumba uliourekodi ndio unaolijaza. Nimepokea kazi nzuri kabisa ambazo zilikosa nusu dakika hiyo, na ikatuchukua siku kuziba mashimo kwa vipande vya hapa na pale.

Mwongozaji aliyewahi kushika fimbo hiyo hapangi mazungumzo ya siri karibu na barabara yenye magari. Aliyewahi kuwa msimamizi wa mwendelezo anajua kwa nini kikombe kilichokuwa mkono wa kulia hakiwezi kuhamia kushoto kati ya shoti mbili. Aliyewahi kupanga ratiba anajua kwamba ukurasa mmoja wa skripti iliyoandikwa kwa mpangilio wa kawaida ni kama dakika moja ya filamu, na kwamba ukurasa huo hugawanywa katika sehemu nane ili ijulikane siku moja inabeba kiasi gani. Na aliyewahi kuigiza, hata vibaya, haweki watu kumi na wawili nyuma ya monita wakimkodolea macho mwigizaji anayetakiwa kulia. Darasa la uigizaji likiwepo, lichukue, hata kama ni la hiari na hujioni jukwaani. Waongozaji vijana wengi wanajua lenzi zote kwa majina na hawajui la kumwambia mwigizaji zaidi ya "rudia tena, weka hisia zaidi", na maneno hayo hayamsaidii mtu.

Nadharia na historia ya filamu wanafunzi wengi huzilalamikia. Mimi nazitetea. Ukitazama filamu za nchi na nyakati ambazo usingezitafuta mwenyewe, kisha ukalazimika kuandika kurasa kadhaa kueleza onyesho moja limejengwaje, unapata msamiati wa kufikiri. Anayetazama zile tu anazopendekezewa na simu yake huishia kurudia alichokiona juzi.

Turudi kwa baba yako, maana ameuliza jambo la maana na anastahili jibu la wazi. Kwenye lokesheni hakuna atakayekuuliza cheti. Watu wa kazi hii humwita yule waliyefanya naye kazi wakamwona anawahi, anatulia mambo yakiharibika, na anamaliza alichoanza. Kazi za mwanzo hutoka kwa wenzako wa darasani na wa mwaka uliokutangulia. Kwa hiyo namna utakavyofanya kazi kwenye filamu zao ndiyo barua yako ya maombi, unaiandika kwa miaka mitatu mfululizo. Cheti chenyewe kina kazi yake mahali pengine: ukitaka kufundisha, kuendelea na shahada ya uzamili, au kuajiriwa na taasisi ambayo mlango wake haufunguki bila shahada. Ni muhimu, ila si hicho kitakachokupa filamu ya kuongoza.

Mwambie pia kwamba wahitimu wengi hawaanzi kama waongozaji. Wanaanza kama wasaidizi, wahariri, mafundi sauti, watengenezaji wa matangazo na vipindi, na kipato cha miaka ya mwanzo huja kwa mafungu: mwezi huu kazi tatu, mwezi ujao hakuna. Mtu asiyeweza kupanga fedha zake katika hali hiyo huacha, hata awe na kipaji. Kwa hiyo wasiwasi wa baba kuhusu biashara hauko mbali na ukweli. Filamu ni bajeti, mikataba, bima, haki za muziki, ruhusa za maeneo. Chuoni kukiwa na masomo ya utayarishaji, yaani upande wa fedha na mikataba, yachukue kwa uzito ule ule wa uongozaji. Biashara anayoitaka baba utaikuta humo, imeshikamana na kazi unayoipenda.

Na akishikilia msimamo wake kabisa, usidhani mlango umefungwa maisha. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwandishi aliyekwisha kuchapisha riwaya alipokwenda Moscow kusomea filamu mwanzoni mwa miaka ya 1960, akikaribia umri wa miaka 40. Hata hivyo kwako wewe, mwenye nafasi mkononi, kusubiri kuna gharama: ni vigumu sana baadaye kupata miaka mitatu ya kukosea bila mteja aliyekulipa kukudai.

Sasa, utajuaje kama programu ni nzuri? Anza na kuisoma orodha ya masomo kwa kalamu mkononi. Majina yanaficha mengi: shahada mbili zenye neno filamu zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, moja ya kutengeneza, nyingine ya kuchambua na kuandika. Marekani, kwa mfano, shahada ya BFA, ile ya sanaa za ubunifu, kwa kawaida hutumia karibu theluthi mbili ya krediti zake, yaani vipimo vya uzito wa masomo, kwenye sanaa yenyewe, wakati BA, shahada ya sanaa ya kawaida, huacha nafasi kubwa zaidi kwa masomo mengine. Katika ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti, shahada ya miaka mitatu huwa na krediti 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Hesabu mwenyewe: ni saa 4,500 na zaidi. Jumlisha krediti zinazoishia kwa filamu iliyokamilika na zile zinazoishia kwa mtihani wa kuandika. Kama filamu ya kwanza inakuja mwaka wa tatu, nisingejiunga. Mtu anatakiwa atengeneze filamu mbaya mapema na mara nyingi, fupi, kabla hajapewa ile ndefu ya mwisho.

Kisha uliza maswali ambayo vitabu vya matangazo haviyajibu. Vifaa vinaazimwaje, na wikendi je? Vyumba vya kuhariri vinafungwa saa ngapi? Kamera kumi za kifahari zinazofungiwa stoo hazina faida kama kamera mbili za kawaida unazoweza kuondoka nazo Ijumaa. Gharama za filamu ya mwisho anabeba nani, chuo au mwanafunzi? Hili liulize wazi, maana ada mara nyingi haiyagusi mambo ya usafiri, chakula cha kundi na kukodi maeneo, na familia nyingi hushtukia mwaka wa tatu. Hakimiliki ya filamu utakayotengeneza ni ya nani? Kuna vyuo vinavyoichukua yote, vingine vinagawana nawe, vingine vinakuachia. Si lazima ukatae chuo kwa sababu hiyo, lakini ujue kabla ya kutia sahihi. Walimu wao wanafanya kazi gani nje ya darasa? Na wanafunzi wangapi wanakaa katika kipindi kimoja cha uchambuzi? Wakiwa sitini, hakuna uchambuzi hapo, ni mhadhara.

Filamu watakazokuonyesha zitakuwa zile zilizoshinda tuzo. Zitazame, kisha omba nyingine, za kawaida, za mwanafunzi wa katikati ya darasa. Hizo ndizo zinazokuambia chuo kinafanya nini kwa mtu asiye na kipaji cha ajabu. Kama mazungumzo yanasikika vizuri katika filamu hizo za kawaida, ni dalili njema sana. Tafuta pia wanafunzi wawili watatu wa mwaka wa mwisho uzungumze nao bila mwalimu kuwepo, na uwaulize ni filamu ngapi wameshiriki, si ngapi wameongoza. Unaweza vilevile kuangalia kama chuo ni mwanachama wa CILECT, umoja wa kimataifa wa vyuo vya filamu ulioanzishwa Cannes, Ufaransa, katikati ya miaka ya 1950. Uanachama ni ishara nzuri, ingawa kutokuwemo si ushahidi wa ubovu.

Kuna faida moja ndogo ambayo watu huisahau: milango inayofunguka kwa mwanafunzi tu. Tamasha la Cannes lina kitengo cha filamu za wanafunzi tangu mwaka 1998, na waandaaji wa tuzo za Oscar wana mashindano ya wanafunzi tangu miaka ya 1970. Matamasha mengine mengi yana vitengo vya namna hiyo, na kuingia humo unatakiwa uwe umesajiliwa chuoni. Ukiwaza kupeleka filamu huko, usiweke wimbo wa mtu bila ruhusa ya maandishi. Nimeona filamu zilizokubaliwa zikashindwa kuonyeshwa kwa sababu ya nusu dakika ya muziki, na kuondoa muziki uliokwisha kushonwa kwenye picha ni kama kuanza upya.

Kabla hujajibu barua ya chuo, fanya zoezi moja. Tengeneza filamu ya dakika moja, mahali pamoja, watu wawili, shoti zisizozidi nane, bila neno hata moja kusemwa. Mmoja anataka kitu, mwingine hataki kumpa. Usimsimulie mtu hadithi. Ukimaliza, waonyeshe watu watatu ambao hawakushiriki, mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, na umwombe baba awe mmojawapo. Waulize swali moja, kumetokea nini, andika wanachosema neno kwa neno, na usijitetee. Kisha rudi kwenye mafaili, bila kurekodi tena, upange upya shoti zako mpaka mtu wa nne aelewe. Toleo la kwanza na la pili yahifadhi yote mawili pamoja na maneno ya watazamaji. Chuo kikikuita kwa usaili, nenda nayo, kwa kuwa wasaili hupenda kuona mwombaji anavyofikiri anapokosea. Na siku utakapokaa na baba kuamua, mwonyeshe matoleo hayo mawili pamoja na majibu ya yale maswali ya gharama, ukiwa umeyaandika kwenye karatasi moja.